Mfumo Utakwisha Lini? Maswali ya Kila Siku Kuhusu Kukadiria Kazi na Muda wa Miradi ya Programu

Maswali haya yametoka pande mbili. Upande mmoja ni wateja wanaoagiza mifumo: shule, maduka, SACCOS, ofisi. Upande wa pili ni vijana wanaoanza kujitegemea katika usanidi, yaani utengenezaji, wa programu za kompyuta. Mteja ananiuliza, "Itachukua muda gani?" na kijana ananiuliza, "Nimjibu nini?" Nimeyapa namba ili nikuelekeze kwenye jibu lililokwisha kutolewa badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Kadirio ni nini hasa? Si ndiyo tarehe ya kumaliza?

Hapana. Watu huchanganya vitu vitatu, na ugomvi mwingi niliowahi kuusuluhisha kati ya mteja na msanidi ulianzia hapo. Kuna lengo: mkuu wa shule anataka mfumo wa ada uwe tayari shule zikifunguliwa Januari. Kuna kadirio: kazi yenyewe, jinsi tunavyoiona leo, itachukua kati ya wiki 9 na 14. Halafu kuna ahadi: tumekubaliana kwamba Januari mfumo utapokea malipo na kutoa stakabadhi, na ripoti za bodi zitafuata Machi.

Lengo linatoka kwenye mahitaji ya mteja. Kadirio linatoka kwenye kazi. Ahadi hupatikana watu wakishakaa mezani na hivyo viwili. Ukilichukua lengo ukaliandika kwenye profoma kama kadirio, bado hujakadiria kitu.

2. Kwa nini hamnipi namba moja tu?

Kwa sababu siku ya kwanza hakuna anayeijua. Barry Boehm, Mmarekani aliyechambua miradi mingi ya programu, alionyesha mwaka 1981 kwamba mradi ukiwa bado ni wazo, kadirio linaweza kukosea hadi mara 4 kwa kuzidi au kwa kupungua. Yaani kazi unayodhani ni ya miezi 4 inaweza kuisha kwa mwezi 1 au kufika miezi 16.

Pengo hilo halipungui kwa kusubiri. Linapungua kila uamuzi unapofanyika: mzazi mwenye watoto watatu atalipa kwa mkupuo mmoja au mara tatu? Nani ana ruhusa ya kufuta stakabadhi? Mteja anayejibu maswali kama haya ndani ya wiki ya kwanza atapata kadirio la karibu zaidi kuliko yule anayesema, "Wewe anza tu, tutaona mbele."

3. Fundi wa nyumba hunipa bei papo hapo. Nyinyi mnashindwa nini?

Fundi wako amejenga vyumba vitatu na sebule mara nyingi, na tofali zinahesabika. Kwenye programu, kilichokwisha kutengenezwa kinanakiliwa kwa sekunde chache. Unachotulipa ni ile sehemu ambayo bado haijatengenezwa na mtu kwa namna unavyoitaka. Na jengo likiwa la aina mpya, mafundi nao hukosea. Jumba la Opera la Sydney lilikadiriwa mwaka 1957 kugharimu fedha zilizo sawa na dola milioni 7 za Australia. Lilipofunguliwa mwaka 1973 lilikuwa limekula milioni 102.

4. Umeandika siku-mtu 40. Mbona kalenda yako inaonyesha karibu miezi 3?

Siku-mtu moja ni kazi ya mtu mmoja kwa siku nzima bila kukatizwa. Hiyo ni kiasi cha kazi. Kalenda ni jambo jingine.

Wiki ina siku 5 za kazi, lakini ndani yake kuna vikao, simu za wateja wa zamani, umeme kukatika, na hitilafu ya mfumo wa mwaka jana ambayo lazima itengenezwe leo. Nimepima siku zangu kwa muda mrefu na napata takribani siku 3 na nusu za kazi halisi kwa wiki. Kwa hiyo siku 40 kwangu ni wiki 11 na nusu, wala si wiki 8. Pima zako, usitumie zangu.

Kisha itazame kalenda yenyewe. Idd hutegemea mwandamo wa mwezi, kwa hiyo usipange makabidhiano siku ambayo huenda ikawa sikukuu. Na kuanzia wiki ya Krismasi hadi baada ya Mwaka Mpya, hata kama wewe unafanya kazi, mtu wa kuidhinisha upande wa mteja hapatikani.

## Kukadiria kwenyewe

5. Nimepewa kazi. Nianzie wapi?

Ivunjevunje mpaka pasiwe na kipande kinachozidi siku 2 au 3. Kipande kikikataa kuvunjika, ujue hujakielewa.

Chukua maneno haya mawili: "kupokea ada". Kijana mmoja niliyekuwa namwelekeza aliyapa siku 5. Tukakaa naye tukaandika kwenye karatasi. Mzazi anapata namba ya kumbukumbu ya mtoto. Analipa kwa simu. Taarifa ya malipo inafika kwenye seva yetu. Mfumo unamtambua mwanafunzi, unapunguza deni, unatoa stakabadhi, unatuma SMS. Hapo bado zilionekana siku 5, labda 6. Kisha nikamuuliza: mzazi akikosea tarakimu moja ya kumbukumbu, hela inakwenda wapi na nani ataiona? Taarifa ileile ikifika mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika, mfumo utajuaje usipunguze deni mara mbili? Mzazi akizidisha elfu hamsini, inahamia muhula ujao au inarudishwa? Mtoto amehama na bado anadaiwa? Tulipomaliza, siku 5 zilikuwa siku 17, na hakuna kipengele hata kimoja kilichoongezwa. Vyote vilikuwemo ndani ya maneno yale mawili.

6. Kila kipande nikipe siku ngapi?

Usikipe namba moja, kipe tatu: mambo yakienda vizuri, mambo yakiwa ya kawaida, na mambo yakiharibika. Njia hii ilizaliwa mwaka 1958 katika jeshi la wanamaji la Marekani, kwenye mradi wa makombora ya Polaris. Hesabu yake ni hii: chukua namba nzuri, ongeza ya kawaida mara 4, ongeza mbaya, gawanya kwa 6.

Mfano, stakabadhi ya malipo: vizuri siku 3, kawaida siku 5, vibaya siku 13. Yaani 3 + 20 + 13 = 36; gawanya kwa 6 unapata siku 6. Ona kwamba jibu limezidi ile siku 5 uliyokuwa utaitaja. Kazi zetu zina mkia mrefu upande mmoja: kipande cha siku 5 kinaweza kuzidi kwa siku 8, lakini hakiwezi kupungua kwa siku 8.

Tofauti kati ya mbaya na nzuri ukiigawanya kwa 6 inakupa kipimo cha mashaka. Hapa ni 10 kwa 6, yaani siku 1.7 hivi. Utaihitaji kwenye swali la 11.

7. Sijawahi kufanya mradi wa aina hii. Nikadirie kwa kipi?

Usikadirie mradi wote. Kadiria uchunguzi. Mwambie mteja: "Nilipe siku 5, nitatengeneza ile sehemu ninayoiogopa zaidi, halafu nitakupa kadirio la mradi mzima." Sehemu hiyo mara nyingi ni kuunganisha na mfumo wa mtu mwingine: mtandao wa simu, benki, mashine ya risiti. Mteja akiona aina ya maswali unayomrudishia, huelewa kwamba siku hizo hazikupotea.

Na anza leo kutunza daftari: kazi, kadirio, muda halisi, sababu ya tofauti. Safu nne tu. Baada ya mradi wa tatu litakufaa kuliko fomula yoyote.

8. Tuko watu wanne. Tukadirie pamoja vipi?

Tumieni karata zenye namba za siku. Kila mtu anachagua namba kimya kimya, mnazifunua kwa pamoja, kisha mwenye namba kubwa na mwenye namba ndogo wanaeleza sababu. James Grenning ndiye aliyeubuni mtindo huu mwaka 2002. Faida yake ni kwamba mkubwa wa timu hasemi kwanza wengine wakaitikia.

Siku moja watatu tulifunua siku 3 kwa ajili ya kuchapisha risiti. Dada aliyekuwa mgeni kuliko sote alifunua 13. Tulimsikiliza. Alikuwa ameshakaa kaunta ya duka lenye printa ndogo ya karatasi ya joto, na alijua kwamba majina marefu ya bidhaa hukatwa, kwamba simu za bei nafuu hupoteza muunganisho wa bluetooth, na kwamba mwenye duka lazima aweze kuchapisha nakala. Katika kikao cha kawaida asingesema neno.

9. Fomula kama COCOMO bado zina maana?

Kwa kulihakiki kadirio lako, ndiyo. Boehm wa swali la 2 aliitoa COCOMO, fomula ya kukadiria kazi ya programu, mwaka 1981. Umbo lake rahisi, kwa mradi wa kawaida wa timu ndogo, huchukua mistari ya msimbo (maandishi ya programu) kwa maelfu, huipandisha kwa kipeo cha 1.05, kisha huzidisha kwa 2.4 kupata miezi-mtu. Mistari 10,000 inatoa takribani miezi-mtu 27. Tatizo ni kwamba siku ya profoma hakuna anayejua mistari itakuwa mingapi, na mistari ya enzi zile siyo ya leo. Tangu 1979 Allan Albrecht wa kampuni ya kompyuta ya IBM alipendekeza kuhesabu kazi ambazo mfumo unamfanyia mtumiaji badala ya mistari, na wazo hilo limezeeka vizuri zaidi.

Nisingemuuzia mteja wa duka kadirio la COCOMO. Lakini kile kipeo kilichozidi 1 kina ukweli mzito: mradi ukiwa mkubwa mara mbili, kazi yake huzidi mara mbili.

## Yanayosahaulika

10. Kwa nini nakosea kila mara upande uleule, wa kupunguza?

Hauko peke yako, na si uvivu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kosa hili mwaka 1979: mtu akipanga, huitazama kazi iliyo mbele yake na kusahau kazi za jana. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi 37 watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku 34. Walipoulizwa ingekuwaje kila kitu kikiharibika, walisema siku 49 hivi. Walimaliza kwa siku 55 na nusu. Hata ile namba ya balaa waliipita.

Kuna pia kazi ambazo hazina jina kwenye orodha. Mwaka mmoja nilikadiria sehemu ya mikopo ya SACCOS moja kwa wiki 3. Sera ya mikopo ilikuwa kurasa 4, safi kabisa. Wiki ya pili mweka hazina akafungua kabati akatoa daftari la jalada gumu, kubwa, lililofungwa kwa mpira. Kando ya baadhi ya majina palikuwa na kiduara cha penseli. "Hapa alifiwa," akaniambia. "Mwezi wa msiba hatumtozi riba." Kulikuwa na alama nyingine kwa aliyelipa nusu, nyingine kwa mdhamini aliyemlipia mwenzake. Hakuna hata moja iliyokuwa kwenye sera, na zote zilikuwa za haki. Kazi ilichukua wiki 9. Tangu hapo, kabla ya kukadiria, naomba kwanza kuona daftari.

Mengine ambayo huwa hayaandikwi: kuhamisha data kutoka Excel yenye jina la mtu mmoja lililoandikwa kwa tahajia tatu, kungoja ruhusa ya kuanza kupokea malipo halisi kutoka mtandao wa simu, risiti za kodi, ziwe za TRA ya Tanzania au za eTIMS, mfumo wa KRA ya Kenya, usajili unaodaiwa na sheria za data binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, kufundisha watumiaji, na wiki mbili za simu baada ya kukabidhi. Kungoja hakuli siku-mtu zako lakini kunakula kalenda, kwa hiyo maombi ya nje yapelekwe siku ya kwanza ya mradi.

11. Niongeze akiba ya asilimia ngapi?

Asilimia ya kubahatisha haina utetezi mbele ya mteja. Tumia mashaka uliyoyapima. Tuseme una vipande 9 vinavyofanana na ule wa swali la 6: jumla ni siku 54. Mashaka hayajumlishwi moja kwa moja. Mashaka ya kila kipande unayazidisha yenyewe kwa yenyewe, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Hapa yanatoka siku 5. Ukimwambia mteja siku 59 una nafasi kama 84 katika 100 za kutimiza. Ukimwambia 64, nafasi zinapanda hadi 97 au 98.

Hesabu hiyo inadhani kila kipande kinaharibika kivyake, na hapo ndipo inapotudanganya. Mteja asipopatikana wiki 2, vipande vyote 9 vinasimama pamoja. Kwa hiyo weka akiba moja mwishoni mwa mradi, ionekane wazi kwenye ratiba, na usiifiche ndani ya kila kipande. Akiba iliyofichwa huliwa kimya kimya na kipande kilekile.

## Mteja na bosi

12. Mteja kapiga simu: "Kaka, nipe tu ya harakaharaka, nina kikao saa nane." Nijibuje?

Toa masafa mapana na usitaje namba moja ya katikati: "Kwa ninavyoisikia, ni kati ya miezi 2 na 6. Nipe siku mbili nitalipunguza pengo hilo." Ukisema miezi 3, miezi 3 ndiyo itakayoandikwa kwenye kikao, na ule "kama" wako hautaandikwa. Kisha tuma ujumbe wa maandishi wenye masafa hayohayo kabla ya saa nane.

13. Bosi ameshakata tarehe. Kukadiria kuna faida gani?

Faida kubwa. Tarehe ikiwa haisogei, kadirio linakuambia ni nini kitaingia kabla yake. Panga vipande kwa umuhimu, jumlisha mpaka tarehe ijae, chora mstari. Kilicho chini ya mstari akione leo, si wiki ya mwisho. Usijadiliane naye kadirio, jadilianeni orodha.

Uwanja wa ndege wa Denver, Marekani, ulipangwa kufunguliwa Oktoba 1993 ukiwa na mfumo wa mizigo unaojiendesha kwa kompyuta. Mfumo haukuwa tayari, na uwanja mzima uliusubiri. Ulifunguliwa tarehe 28 Februari 1995, sehemu kubwa ya mizigo ikibebwa kwa njia za kawaida, na mwaka 2005 ule mfumo ukaachwa kabisa. Mizigo ya kubebwa kwa njia za kawaida ingeweza kuwa mpango tangu mwanzo.

14. Mteja anaongeza "kitu kidogo tu" kila wiki.

Mpokee kwa heshima, ukivunjevunje hicho kitu kama kwenye swali la 5, umrudishie siku zake kwa maandishi: "Hii ni siku 4. Tusogeze tarehe, au tutoe kipengele gani?" Fanya hivyo hata kwa nyongeza ya nusu siku. Nyongeza ya bure ya kwanza ndiyo bei ya nyongeza zote zitakazofuata.

## Pagumu

15. Tumechelewa. Tuongeze watu?

Mara nyingi, hapana. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta, pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Mgeni lazima afundishwe, na anayemfundisha ni yuleyule mwenye kazi nyingi. Tena njia za kuwasiliana huongezeka haraka: watu 3 wana njia 3 kati yao, watu 6 wana 15, watu 10 wana 45.

Mtu mpya anafaa kama kuna kazi iliyojitenga kabisa, kama vile kusafisha data ya Excel au kuandika mwongozo. Vinginevyo rudi kwenye mstari wa swali la 13.

16. Vijana wananiambia wamefika asilimia 90 tangu mwezi uliopita. Niamini?

Usiulize asilimia. Uliza vipande vingapi vimekwisha, na "kimekwisha" maana yake kiko kwenye seva ya majaribio na mteja amekigusa. Vipande 12 kati ya 30 kwa wiki 6 ni vipande 2 kwa wiki. Vilivyobaki 18 vinataka wiki 9. Hiyo ndiyo ratiba mpya, hata kama ile ya zamani inasema wiki 4.

17. Hitilafu inakadiriwaje?

Kabla ya kujua chanzo, haikadiriki kwa uaminifu. Weka kikomo cha kutafuta: "Nitaitafuta kwa siku moja, jioni nitakuambia nimepata nini."

18. Sasa tunatumia akili unde kuandika msimbo. Tugawanye makadirio kwa mbili?

Pima kwanza. Mwaka 2025 kikundi cha utafiti cha METR kiliwafuatilia wasanidi wazoefu 16 wakifanya kazi kwenye miradi waliyoifahamu vizuri. Kabla ya kuanza walitarajia zana hizo zingepunguza muda wao kwa asilimia 24. Muda uliongezeka kwa asilimia 19, na hata baada ya kumaliza bado waliamini wamekwenda haraka zaidi. Wewe unaweza kupata matokeo tofauti, hasa kwenye mradi mpya, lakini hisia ya kasi siyo kipimo. Na zana haitakutajia kile kiduara cha penseli cha swali la 10.

19. Nimeona kadirio langu lilikuwa na kosa. Nimwambie mteja lini?

Siku hiyohiyo, na kwa simu kabla ya barua pepe. Mwambie ulichokigundua, masafa mapya, na mambo mawili anayoweza kuchagua. "Mzee, habari za saa hizi. Tumekuta malipo ya benki yanaletwa kwa faili la jioni, si papo hapo. Tunahitaji wiki 3 hadi 4 zaidi, au tuanze na malipo ya simu peke yake kwa tarehe ileile." Atakasirika kidogo, kisha atauliza maswali. Bado ana wiki kadhaa za kupanga: kuwaambia wazazi, kuendelea na vitabu vya stakabadhi vya mkono, kusogeza mafunzo ya karani. Ukimwambia siku ya makabidhiano, vitabu vya stakabadhi havijachapishwa na wazazi wako getini.